Mama ana valvu ya chuma kwenye moyo: apewe dawa ya usingizi ang'olewe magego, au ni hatari?

#1 Nansio Asubuhi
Wakuu, habari za usiku. Mama yangu mzazi ana miaka 61, tunaishi naye Ukerewe. Mwaka 2017 alibadilishiwa valvu ya moyo (kilango cha kupitishia damu), ile inayoitwa maitro, akawekewa ya chuma. Usiku kukitulia ukikaa karibu naye unaisikia inagonga, tik, tik, kama saa ya ukutani. Tangu hapo anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, na kila mwezi tunapanda meli kuja Mwanza kupima INR, kipimo cha damu kuganda: ikipanda, damu imekuwa nyepesi.

Sasa magego mawili ya chini kushoto yameoza mpaka mzizi. Shavu linavimba, linanywea, linavimba tena. Ugali anaumega vitonge vidogo kama vya mtoto, anavilowesha kwenye mchuzi wa sato, anameza bila kutafuna. Na mama huyu anaogopa kiti cha meno kuliko alivyouogopa upasuaji wenyewe wa moyo. Wiki iliyopita tulienda kliniki moja mjini. Alipoiona sindano tu presha ikasoma 190 kwa 105, akashuka kwenye kiti akaomba khanga yake. Daktari akasema hamgusi, na kwamba mgonjwa wa moyo hapewi dawa ya usingizi hata iweje. Tukaenda kliniki ya pili, wao wakasema aje kesho yake asubuhi watampa usingizi mwepesi. Hata daftari la INR hawakuliomba.

Mmoja kakataa haraka, mwingine kakubali haraka. Wote wawili wameniogopesha. Aliyepitia hili anisaidie.

#2 Kayabo
Usithubutu. Mzee wangu alikuwa na moyo uliotanuka. Mwaka 2019 alienda kung'oa jino, hata usingizi hakupewa, ni ganzi ya kawaida. Dakika tano tu akaporomoka kwenye kiti, jasho jembamba, midomo myeupe. Alizinduka, lakini alilazwa siku nne. Kama ganzi tu ilimfanya vile, usingizi je?

#3 Binti Pasiansi
Pole sana Nansio Asubuhi, mwambie mama tunamwombea. Lakini naona watu tunachanganya vitu. Ganzi ni sindano ya ufizi, usingizi ni jambo lingine. Wenye taaluma waje.

#4 Mlinzi wa Pumzi
Nimekuja. Kazi yangu ni kulaza wagonjwa chumba cha upasuaji, mwaka wa 14 huu, Kanda ya Ziwa hii hii.

Yapo mambo matatu na kila moja lina hatari zake. Ganzi inafisha pale mdomoni tu. Usingizi mwepesi unamtuliza mtu, anasinzia, lakini ukimwita anaitika na anapumua mwenyewe. Unapatikana kwa gesi ya naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, au kwa midazolamu ya mshipani inayoingizwa taratibu sana, au kwa kidonge. Usingizi mzito ndio ule wa kuwekewa mpira kooni. Aliyesema mgonjwa wa moyo "hapewi hata iweje" amekosea. Siku ile ya 2017 mama alilala saa kadhaa kifua kikiwa wazi, na ameamka.

Tena hofu yenyewe ni mzigo kwa moyo. Ile 190 kwa 105 haikuletwa na dawa, ni mwili wake umemwaga adrenalini yake wenyewe. Mgonjwa wa moyo mwenye hofu namna hiyo, kumtuliza kunaweza kuwa salama kuliko kumng'oa akiwa anatetemeka.

Ninachokiogopa mimi ni pumzi. Dawa za kutuliza zikizidi mtu anapumua kidogo kidogo, oksijeni inashuka, na moyo mbovu ndio unaoumia kwanza. Kwa hiyo usiulize "mnatoa usingizi?" Uliza nani atakaa kichwani kwa mama kazi yake ikiwa ni kumwangalia tu, si kushika koleo. Uliza kama kuna oksijeni, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni na mapigo, mashine ya kunyonya mate, na flumazenili ya kuivunja nguvu midazolamu ikizidi. Wakianza kutazamana, chukua mama yako uondoke.

#5 Tabibu wa Magego
Naunga mkono #4. Niongeze kuhusu ganzi yenyewe, kwa sababu ndiyo itakayotumika kwa vyovyote vile. Ganzi nyingi tunayotumia ni lignokaini yenye adrenalini ndani yake, inabana mishipa ili ganzi ikae na damu isitoke sana. Kwa mgonjwa wa moyo kikomo ni vichupa viwili, mengine anamalizia siku nyingine. Viwili havina shida.

#6 Daktari Kijana wa Mabatini
Kaka yangu #5, vichupa viwili vya ipi? Kikomo kinachofundishwa ni adrenalini mikrogramu 40. Kichupa cha mililita 1.8 chenye adrenalini ya 1 kwa 100,000 kina mikrogramu 18, kwa hiyo viwili ni 36, bado hujavuka. Lakini ya 1 kwa 80,000, kichupa hicho hicho kina 22.5. Viwili ni 45, umeshavuka. Asome maandishi kwenye kichupa.

#7 Tabibu wa Magego
Umenisahihisha, asante. Nilikuwa nahesabu ya 1 kwa 100,000.

#8 Sangara Mzee
Mimi kama baba wa watu nashauri kwanza mpunguze chumvi. Presha ya huku kwetu ni dagaa na samaki wa chumvi. Na wewe #2 jina lako tu linapandisha presha!

#9 Kayabo
Mzee shikamoo. Jina ni la biashara, familia yetu imesomeshwa na kayabo, hao hao samaki wa chumvi. Ila narudi kwa #4 na #5. Basi niambieni mzee wangu alipatwa na nini.

#10 Daktari Kijana wa Mabatini
Inawezekana sindano iliingia kwenye mshipa wa damu. Ndiyo maana tunavuta kidogo kwanza kuangalia kama damu inaingia, kisha ndiyo tunasukuma taratibu. Ikiingia mshipani adrenalini inafika moyoni mara moja, mapigo yanakimbia.

#11 Mlinzi wa Pumzi
Jasho jembamba, midomo myeupe, akazinduka? Hapo mimi nawaza kuzimia kwa hofu. Mapigo yanapungua ghafla, presha inaanguka, ubongo unakosa damu. Wanazimia hivyo hata vijana wenye afya zao. Kayabo, mapigo yalikimbia au yalipungua?

#12 Kayabo
Nesi alisema yanakimbia. Dada yangu aliyekuwa amemshika mkono anasema hayakushikika kabisa. Mpaka leo wanabishana.

#13 Mwalimu Buhongwa
Je, alikuwa amekula? Shemeji yangu ana sukari, aliambiwa aende na njaa, akameza dawa yake ya sukari kama kawaida, akaanguka kabla hata ya kuguswa.

#14 Kayabo
Mzee alikuwa na sukari pia. Na alikwenda na njaa, aliambiwa hivyo. Sikuwahi kuliwaza hilo.

#15 Ng'wana Kisesa
Au ni dawa za presha. Wazee wengi wakisikia wanaenda hospitali wanameza za asubuhi na za jioni pamoja ili presha isome vizuri. Mama yangu mdogo alifanya hivyo hivyo.

#16 Mama Wawili Igoma
Jamani samahani, naingilia. Mwanangu ana miaka 11, valvu yake imeharibiwa na ile homa inayotokana na mafindofindo, anachomwa penisilini kila baada ya wiki nne. Ana jino la kung'oa. Nimesikia lazima wapewe antibayotiki kabla. Hiyo penisilini yake haitoshi?

#17 Daktari Kijana wa Mabatini
Mama Wawili, umeuliza swali zuri sana. Haitoshi. Ile ya kila mwezi inazuia mafindofindo yasirudi kuula moyo, kiwango chake kwenye damu ni kidogo. Kinga ya jino ni kwa sababu ya bakteria wa mdomoni wanaoingia kwenye damu jino linapong'olewa, wakaenda kukaa kwenye valvu mbovu. Kwa kawaida ni amoksilini gramu 2 kwa mkupuo, nusu saa mpaka saa moja kabla. Lakini mtoto anahesabiwa kwa kilo zake, usimpe dozi ya mtu mzima. Na kwa kuwa amekaa kwenye penisilini muda mrefu, bakteria wa mdomoni mwake huenda wameizoea, kwa hiyo wengi huchagua dawa ya kundi jingine, mfano azithromaisini.

#18 Tabibu wa Magego
Hapa nami nisahihishe. Marekani tangu 2007 waliibana orodha. Wanaotakiwa kupewa kinga ni wenye valvu bandia, waliowahi kupata maambukizi ya valvu, na baadhi ya waliozaliwa na moyo wenye kasoro. Valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, hiyo ya mafindofindo, lakini bado ni ya kwake mwenyewe, haimo. Uingereza mwaka 2008 wakaenda mbali zaidi, wakasema isitolewe kabisa, baadaye wakalegeza kwa kuongeza neno "kwa kawaida".

#19 Daktari Kijana wa Mabatini
Ndiyo, lakini wao wana watoto wangapi wenye ugonjwa huu? Australia, ambako wazawa wanaumwa sana, wameendelea kuwapa hata wenye valvu zao wenyewe. Mimi naona sisi tunafanana na hao zaidi. Kumkinga mtoto kwa dozi moja ni rahisi kuliko wiki sita za kitandani na sindano.

#20 Tabibu wa Magego
Na mimi naona kumpigisha mswaki asubuhi na usiku kunamkinga kuliko hiyo dozi moja. Bakteria wanaingia kwenye damu hata wakati wa kutafuna muwa, kama fizi zinavuja. Mama Wawili, muulize daktari wake wa moyo, yeye ndiye aliyeiona ile eko, picha ya moyo. Kwa mama yake Nansio Asubuhi hakuna ubishi, valvu bandia lazima apewe.

#21 Mama Wawili Igoma
Wabeja sana. Kliniki yake ni mwezi ujao, nitauliza. Na mswaki naanza leo.

#22 Betri ya Moyo
Mimi nimewekewa betri ya kuongoza mapigo ya moyo, chini ya bega. Nimesafishwa meno, nimeng'olewa moja, sijapewa usingizi, niliwaeleza tu mapema ili mashine ya kukata nyama kwa umeme wasiisogeze. Nansio, mama aje na kadi ya valvu. Kila kitu kinaanzia pale.

#23 Mlinzi wa Pumzi
Nansio Asubuhi, mbona umepotea? Nina swali. Lile shavu linapovimba huwa mnampa nini?

#24 Nansio Asubuhi
Nipo mkuu, mtandao wa huku kisiwani unakuja na kuondoka. Duka la dawa walimpa metronidazoli ya kuua bakteria na diklofenaki ya maumivu. Amekunywa siku sita sasa. Uvimbe umeshuka kweli.

#25 Mlinzi wa Pumzi
Acha kila kitu usome hapa. Metronidazoli inaizuia ini kuivunja warfarini, warfarini inajaa, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Diklofenaki inaweza kuchubua tumbo na kufanya chembe za kugandisha damu zisishikane. Vyote viwili kwa mtu wa valvu ya chuma ni hatari leo, hata kabla ya kufika kwenye kiti cha meno. Asinywe tena diklofenaki, akiumwa apewe parasetamoli kwa kiasi. Warfarini msiiache kwa kuamua wenyewe, valvu ikiganda damu ni balaa kubwa zaidi. Kesho mpelekeni akapime INR. Mwangalie mkojo wake, choo kama ni cheusi, fizi kama zinavuja, michubuko.

#26 Nansio Asubuhi
Nimetoka kumwangalia sasa hivi kwa tochi. Mkono wa kulia ana doa la zambarau kama kiganja, anasema aligonga kwenye ndoo. Kesho alfajiri tunapanda meli.

#27 Binti Pasiansi
Mungu awatangulie. Toa taarifa tafadhali.

#28 Sangara Mzee
Binti yangu, nimeshtuka. Hizo dawa mbili mimi mwenyewe ninazo kwenye kibweta.

#29 Ng'wana Kisesa
Wakati tunasubiri: mboga za majani nazo si zinaharibu warfarini? Bibi yangu aliambiwa asile matembele kabisa.

#30 Daktari Kijana wa Mabatini
Si kwamba asile. Mchicha na matembele vina vitamini K, inapunguza nguvu ya warfarini. Ale kiasi kile kile wiki zote, daktari anapanga dozi kufuatana na ulaji wake. Shida ni mtu kula matembele kila siku msimu wa mvua, kiangazi asile kabisa.

#31 Mwalimu Buhongwa
Kwa wanaopita na kusoma: watu wengi huacha warfarini siku tano kabla ya kung'oa jino, wakiambiwa na jirani. Mimi niliambiwa na daktari niendelee nayo. Sahihi ni ipi?

#32 Tabibu wa Magego
Kwa jino moja mpaka matatu, mwongozo wa Uingereza unasema endelea nayo iwapo INR iko chini ya 4, ipimwe ndani ya saa 24 kabla. Damu tunaidhibiti pale pale: unashona, unaweka pamba, mgonjwa anang'ata nusu saa bila kufungua mdomo kuchungulia, na ipo asidi ya traneksamiki ya kusukutua. Damu ya ufizi naiona na naishika kwa kidole. Donge la damu kwenye valvu siwezi kulishika.

#33 Nansio Asubuhi
MREJESHO. INR ilikuwa 4.9. Kiwango chake ni kati ya 2.5 na 3.5. Daktari alipoona jina la metronidazoli kwenye karatasi ya dawa alivua miwani akaniangalia kimya. Amebadilishiwa antibayotiki, warfarini wameipanga upya, tumepima tena juzi imeshuka 3.2. Mlinzi wa Pumzi, mama anasema akija kukuona atakuletea sato.

Kung'oa ni Alhamisi, hospitali, chumba cha upasuaji, si kliniki. Wamemfanyia eko, valvu inafanya kazi vizuri na moyo una nguvu ya kutosha. Ila bado hawajakubaliana. Daktari wa moyo anataka ganzi tu na kidonge kidogo cha kutuliza usiku wa kuamkia siku hiyo, anasema dawa zikiwa chache na sababu za kujuta zinakuwa chache. Mtaalamu wa usingizi anataka midazolamu kidogo mshipani, anasema mama alivyo, kidonge hakitafua dafu, atashuka tena kwenye kiti. Daktari wa meno yuko tayari kwa lolote, mradi presha isizidi 180 kwa 110.

#34 Mlinzi wa Pumzi
Nimefurahi sana kusikia 3.2. Mimi niko upande wa mshipani. Kidonge ukishakimeza huwezi kukiongeza wala kukipunguza, na kwa wazee kinaweza kukaa mwilini mpaka kesho yake. Ya mshipani unatoa kidogo, unasubiri, unaangalia macho yake, unaongeza.

#35 Daktari Kijana wa Mabatini
Na mimi niko na daktari wa moyo. Ganzi ikishika vizuri, hofu nusu inaondoka. Ampakie kwanza ile ya jeli kwenye ufizi, sindano iingie taratibu. Nimeona mama wa namna hii akitulia kwa kushikwa mkono na mwanawe tu.

#36 Kayabo
Mzee wangu alishikwa mkono na akaporomoka.

#37 Mlinzi wa Pumzi
Kayabo, nakuelewa ndugu yangu. Ndiyo maana nasema awepo mtu wa kuangalia kifaa, kwa njia yoyote watakayochagua. Siku ile kama kifaa kingekuwa kidoleni, dada yako na nesi wasingebishana mpaka leo.

#38 Mwalimu Buhongwa
Kufunga je? Ataambiwa asile?

#39 Nansio Asubuhi
Hapo ndipo penye mgogoro mwingine. Chakula mwisho ukiwa umebaki muda wa saa sita kabla ya kuanza, maji matupu ukiwa umebaki muda wa saa mbili, kama watatumia mshipa. Kama ni ganzi tu wanasema ale kama kawaida. Sasa hatujui ni ipi mpaka tufike. Na dawa zake za asubuhi za moyo anywe kwa funda la maji. Meli inatoka Nansio mapema, akiwa na njaa humo ndani na mawimbi yale anatapika, akitapika vidonge navyo vinatoka.

#40 Ng'wana Kisesa
Msivuke siku hiyo hiyo. Alale mjini.

#41 Nansio Asubuhi
Mama hataki gesti. Anasema hawezi kulala mahali ambapo hajui ufunguo mwingine uko kwa nani.

#42 Binti Pasiansi
Basi njooni kwangu Jumatano. Mimi na wanangu wawili tu, chumba cha mbele kiko wazi, na kutoka hapa mpaka hospitali hatutumii muda mrefu. Saa kumi na mbili jioni nitakuwa nimeshapika uji wa ulezi na samaki laini asiyehitaji kutafunwa, na daftari lake la INR nitaliweka kwenye mkoba na kadi ya valvu usiku huo huo. Nimekutumia namba yangu faragha. Mwambie mama ufunguo uko mmoja, na atalala nao yeye.